Mama Pazia Anafikiri

Katika makao yale ya watu wasio na nyumba palikuwa na chumba kimoja tu cha familia chenye dirisha linalofunguka, na siku kilipobaki wazi watu walikizungumzia mchana kutwa, kila mmoja akiongeza sifa yake. Mlango wake ulikuwa na komeo kwa ndani. Ukishakaa mahali ambapo bafu hufungwa kwa mwenzako kusimama nje na kukohoa, komeo la ndani si jambo la kuchezea.

Zamu ya chumba hicho iliiangukia familia ya fundi rangi: yeye mwenyewe, mkewe, binti yao wa sekondari, na mama yake mzazi fundi, ambaye makao yote yalimwita Bibi. Wakati huo fundi alilala bweni la wanaume, mkono wa kulia wa ukumbi wa chakula, na wanawake hao watatu walilala bweni la wanawake, mkono wa kushoto. Mkewe aliitwa Mama Pazia. Alikuwa mshonaji wa mapazia katika duka moja mjini, na usiku wa kwanza tu alining'iniza shuka kuzunguka kitanda chake kwa vibanio vya nguo, akawa na chumba ndani ya bweni. Wenzake walimcheka. Kesho yake wakaja kuazima vibanio.

Sasa, makao yalikuwa na kanuni. Kabla mume na mke hawajapewa chumba, Matroni humwita kila mmoja peke yake, hufunga mlango, na kumwuliza kama kweli anataka kuishi chumba kimoja na mwenzake. Kanuni hiyo iliwekwa kwa sababu nzuri, maana wapo wanawake waliofika pale wakikimbia ngumi, na wapo wanaume pia, ingawa hao husema waliteleza bafuni. Kwa wengine wote lilikuwa swali la kupita tu. Unajibu ndiyo, unachukua ufunguo, unatoka mbio kabla Matroni hajabadili nia.

Fundi aliingia, akajibu ndiyo kabla swali halijafika mwisho. Alitoka akipiga mluzi, akaenda moja kwa moja kulifunga godoro lake kwa kamba.

Kisha akaingia Mama Pazia. Matroni, mwanamke mnene aliyefunga miwani yake kwa uzi, alimwuliza bila kunyanyua uso. Hakusikia kitu.

"Sijakusikia," alisema.

"Bado sijajibu."

Matroni akanyanyua uso. "Kuna nini? Anakupiga?"

"Hajawahi hata kuninyanyulia mkono."

"Mlevi?"

"Soda tu, tena akipewa."

"Ana mwanamke nje?"

"Matroni, mume wangu angekuwa na mwanamke mwenye nyumba, ungemwona hapa?"

Matroni alivua miwani. Alikuwa amewauliza watu wengi swali lile, na hakuna asiyekimbia ngumi aliyewahi kulichukua kama swali. "Sasa tatizo ni nini, dada yangu?"

"Hakuna tatizo. Umeniuliza kama nataka, nami nataka kufikiri. Nipe mpaka Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Matroni alimwambia Ijumaa mchana, isizidi hapo, kwa sababu nyuma yao kulikuwa na familia nyingine inayolala kwenye korido na watoto wachanga. Mama Pazia alishukuru, akafunga mlango taratibu, akatoka akiwa na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani na bado hajakifungua.


Habari zilimfikia fundi kabla mkewe hajamaliza korido. Aliyezipeleka ni Mzee Redio wa bweni la wanaume, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Kazi yake ilikuwa kufagia, na ufagio wake ulipenda sana kufagia pale penye maneno.

"Fundi, lifungue hilo godoro," alisema. "Mkeo anafikiri."

"Anafikiri nini?"

"Kama anakutaka."

Bweni zima liliangua kicheko, na fundi akacheka kuwashinda wote, maana alidhani ni utani. Alipomwona Mzee Redio hacheki, kicheko kikamfia mdomoni. Mzee yule alikuwa na sifa moja: hakutunga habari. Aliongeza chumvi tu, na hii aliileta bila chumvi.

Mabweni mawili yalikutana wakati wa chakula cha jioni peke yake. Fundi alifika mezani kwa familia yake na sahani ya maharage, akakaa kitako, akashusha sauti. Kushusha sauti hakukumsaidia kitu, kwa sababu meza za jirani nazo zilishusha zao.

"Mama watoto, kuna maneno nimeyasikia."

"Ni ya kweli."

"Hujui hata ni yapi."

"Mzee Redio amekwambia ninafikiri. Ninafikiri."

"Mimi ni mumeo."

"Ndiyo."

"Tumeishi pamoja tangu huyu hajazaliwa." Akamwonyesha binti kwa kijiko, na binti akainama mpaka pua ikakaribia kuingia kwenye maharage.

"Ndiyo."

"Sasa hapo kuna nini cha kufikiri?"

"Ndicho ninachokifikiri."

Mwanamke mmoja meza ya pili alipaliwa na maji, ikabidi apigwe mgongoni. Fundi aligeuka kumtazama mama yake, kama mtoto anayetafuta shahidi. Bibi alikuwa akitafuna kwa upande wenye meno.

"Kula, mwanangu," alisema Bibi. "Hilo si la kujibiwa na mtu mwenye njaa."

"Mama, na wewe uko upande gani?"

"Wa kushoto, bwenini. Si ndiko tulikopangiwa?"

Kengele ilipolia, wanaume walikwenda kulia na wanawake kushoto. Fundi alirudi bwenini kulifungua godoro alilolifunga asubuhi kwa furaha. Fundo lilikuwa limekaza. Alilivuta kwa kucha, akalivuta kwa meno, wenzake wote wakiwa wamekaa vitandani wanatazama, na hakuna hata mmoja aliyemsaidia kwa sababu kila mmoja alikuwa na shughuli ya kuzuia mbavu zake.


Upande wa kushoto, kabla taa hazijazimwa, bweni la wanawake lilichangamka kuliko siku ya mgao wa nguo. Wengine walisema Mama Pazia amerukwa na akili, kuacha komeo la ndani kwa ajili ya maringo. Wengine walisema amewafungua macho. Wake wawili waliokwisha kupata vyumba vya familia walikwenda ofisini kumwambia Matroni kwamba wao waliulizwa harakaharaka, na kama haitakuwa taabu, wangeomba waulizwe upya. Matroni aliwafukuza. Waume zao walipopata habari, mmoja alifua mashuka yote ya chumba bila kuambiwa.

Mama Pazia mwenyewe alikuwa kitanda cha juu, nyuma ya shuka lake, amejinyoosha. Kitanda chembamba, chuma kitupu, godoro lenye shimo. Lakini alikuwa akilala hapo peke yake, na hakuna aliyemwambia ageukie wapi. Jambo hilo lilikuwa likimpa raha ambayo aliionea haya kidogo, na akiisha kuionea haya, huifurahia tena.

"Mkwe wangu," Bibi aliita kutoka kitanda cha chini. "Bado unafikiri huko juu?"

"Nafikiri, mama."

"Fikiri polepole. Kitanda hiki kinalia."

Mama Pazia alicheka, kisha akachungulia chini. "Mama, huna kinyongo na mimi?"

"Kinyongo cha nini? Mimi nilikuzalia mume, sikukuzalia jibu. Ila niambie, ni lile la mkokoteni?"

Ni lile la mkokoteni. Nyumba waliyopanga iliuzwa, jambo ambalo huwapata wapangaji wengi, wala Mama Pazia hakumlaumu mumewe kwa hilo. Lakini fundi aliambiwa mapema na akanyamaza nalo. Asubuhi moja mke yuko jikoni, wali uko jikoni, akasikia hodi, akafungua, akakuta kijana wa mkokoteni anatazama ndani na kumwuliza, "Mama, vitu ndivyo hivi tu?" Ndivyo alivyojua kwamba wanahama. Sufuria ilipanda mkokoteni ikiwa bado ya moto, na Bibi akaishikilia kwa kitambaa njia nzima ili wali usimwagike.

"Wewe ulijua, mama?"

"Ningejua, wali ule ungepikwa? Mwanangu ni mficha mambo, na baba yake alikuwa hivyohivyo. Mficha uchi hazai, wanasema. Hawa wamezaa kwa bahati tu."

Kitanda cha pembeni, binti alikuwa amejifunika gubigubi, na wote wawili walidhani amelala. Akasema kutoka ndani ya blanketi:

"Mama, mimi nakitaka kile chumba."

Mama Pazia akasogeza shuka lake amwone.

"Sisemi ukubali. Nasema tu. Shuleni wakiniuliza nakaa wapi, nasema tunajenga. Sasa wameanza kuuliza tumefika wapi."

"Umewaambia mmefika wapi?" aliuliza Bibi.

"Kwenye lenta."

Bibi alianza kucheka, ikambidi binti naye acheke, na kitanda kikalia. Mama Pazia alicheka nao. Lakini alipolala chali tena, neno la mwanawe lilimkaa kifuani, akajua kwamba furaha yake ya kufikiri ina mtu anayeilipia, na mtu huyo ana daftari la hesabu na hana pa kulifunulia. Ilimuuma. Akamgeukia Mungu wake, akamwomba amwonyeshe njia kabla ya Ijumaa, na pia amsamehe kwa kuwa hakuwa na haraka.


Katika bweni la wanaume alikuwamo mtu aliyewahi kufundisha timu ya mpira, na mpaka leo hakuweza kuona jambo lolote ila kama mechi. Walimwita Kocha. Jumatano jioni alikaa ukingoni mwa kitanda cha fundi.

"Tatizo lako naliona," alisema. "Umecheza ndoa nzima ukilinda ushindi ambao hukuwa nao."

"Kocha, sema Kiswahili."

"Lazima ushambulie. Mkeo anapenda nini?"

Hapo fundi hakusita hata kidogo. "Ukoko. Ukoko wa wali. Miaka yote, akipakua, sisi wali, yeye ukoko. Anaukwangua mwenyewe kwa kijiko mpaka sufuria inang'aa. Haumpiti."

Kocha alisugua viganja. Kesho ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ilikuwa siku ya wali. Mpango ulikuwa rahisi. Fundi aombe zamu ya kupakua, asimame pale penye dirisha la jikoni, na foleni ya wanawake ikifika kwa mkewe, ampe ukoko wote, mzima, wa sufuria kubwa la makao. Mbele za watu. Mwanamke akipewa kitu mbele za watu, alisema Kocha aliyeachwa na wake wawili, hana ujanja.

Na nguo? Siku za nyuma watu wa hisani walileta mgao wa nguo, na fundi akapata koti la harusi. Mwenye koti lile alikuwa mrefu kuliko fundi, na mnene kuliko fundi, na kwa jinsi mifuko ilivyokaa, tajiri kuliko fundi. Siku ile aliona aibu kulipokea, watu wakipiga picha. Sasa alilivaa, wenzake wakamkunja mikono, wakambana mgongoni kwa vibanio vya nguo, wakamzungusha.

"Ukisimama hivyo hivyo bila kugeuka," alisema Mzee Redio, "ni bwana harusi."


Alhamisi mpishi alilalamika kwamba mtu hawezi kupakua wali amevaa koti, lakini alipoelezwa sababu, naye alikuwa binadamu, akauacha moto uwake kidogo zaidi ili ukoko ushike. Ukatoka mzima, mviringo, mwekundu kwa chini, mkubwa kama kifuniko cha pipa. Fundi aliufunika kwa sinia akasubiri. Jasho lilimtoka. Wanawake walipita mmoja mmoja wakimpa pole wasiyoombwa.

Mkewe alipofika na sahani yake, fundi aliinua sinia, akauinua ukoko kwa mikono miwili, akaulaza juu ya sahani. Ulizidi sahani kila upande. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Mtu akapiga makofi, wengine wakafuata, na Kocha akanyanyua mikono kana kwamba refa amepuliza kipenga.

Mama Pazia aliutazama. "Hiki nini?"

"Ukoko wako, mama watoto."

"Nani alikwambia napenda ukoko?"

Makofi yalipungua, yakabaki ya mtu mmoja asiyesikia vizuri, kisha naye akaguswa bega.

"Si unaula siku zote?" alisema fundi.

"Naula kwa sababu wali mnamaliza nyinyi."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, fundi angepata pa kujishikia. Alisema vile mtu anavyomwambia mwenzake kwamba amevaa shati nje ndani.

"Wateja wako unawauliza," aliendelea, ukoko mikononi. "Huyu anataka samawati, yule anataka rangi ya maziwa, ukirudi nyumbani unatuhadithia. Kuna bwana mmoja ulimfuata mara mbili kumwuliza rangi ya banda la mbwa. Mbwa ameulizwa. Mimi hujawahi kuniuliza kama nataka wali au ukoko."

Watu walijaribu kutocheka, kwa kweli walijaribu. Neno mbwa ndilo lililowashinda. Kicheko kilianzia mwisho wa foleni kikaja mbele, na fundi amesimama katikati yake, mkono mmoja wa koti umekunjuka na kuingia kwenye mchuzi. Uso ulimshuka. Alitamani sufuria lile limfunike.

Hapo Bibi alijipenyeza kutoka nyuma na fimbo yake. Alimega kipande cha ukoko kwenye sahani ya mkwewe, akakitia mdomoni, akakitafuna kwa upande wenye meno.

"Mimi ndiye napenda ukoko," alisema. "Nimezaa, nimelea, na hakuna aliyewahi kunipa."

Ukoko ulimegwa ukaliwa na foleni nzima. Mama Pazia alipewa wali, akaula wote, akaongeza. Matroni alimwadhibu fundi kwa kutoa chakula kwa upendeleo, akamwamuru alisugue sufuria kubwa, na fundi akaingia ndani yake mpaka kiunoni, na koti lake la harusi, akisugua na kuwaza. Watu waliopita jikoni walisikia sauti kutoka ndani ya sufuria ikijisemea: "Banda la mbwa. Kweli nilimwuliza."


Asubuhi ya Ijumaa Mama Pazia alikuwa akianika nguo uani. Kamba za wanawake zilikuwa huku, za wanaume kule, na katikati pamechorwa mstari wa chokaa ambao hakuna aliyeruhusiwa kuuvuka. Fundi alikuja mpaka kwenye mstari, akasimama. Hakuwa na koti. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa masizi.

"Naweza kusema na wewe?"

Mama Pazia aligeuka, kibanio kiko mdomoni. Aliitikia kwa kichwa.

"Nisemee hapa au nisogee pale kwenye kivuli?"

"Hapo hapo."

"Nianze na la zamani au la leo?"

Alitoa kibanio mdomoni, maana alikaribia kukimeza kwa kicheko. "Fundi, usiniulize kila kitu kwa siku moja. Utachoka."

"Nimechelewa, nalipa la nyuma." Akafuta mikono kwenye suruali. "Uliza wewe, basi."

Mama Pazia alianika shati, akalinyoosha kola. "Kwa nini hukuniambia nyumba imeuzwa?"

Fundi alitazama mstari wa chokaa.

"Niliona aibu."

"Kwangu?"

"Kwako kuliko wote. Kila jioni narudi nimejipanga nikwambie. Nafika, nakukuta na mama mnacheka kitu huko jikoni, nasema, waache wacheke leo, nitasema kesho. Mwishowe kesho ikaja na mkokoteni."

"Kumbe nilikuwa nacheka bure."

"Hapana. Mlikuwa mnacheka vizuri sana." Akasogeza ndala yake mpaka ukingoni mwa chokaa. "Nilidhani nakubebea mzigo. Kumbe nilikubwaga nao mlangoni, mbele ya kijana wa mkokoteni."

Hapo macho ya Mama Pazia yalilowa, akayafuta kwa mkono wa shati la mtu mwingine lililokuwa kwenye kamba. Alikuwa amelingojea neno hilo kwa muda mrefu, na sasa lilipokuja alishangaa kwamba halikuwa refu.

"Haya," alisema. "Na la leo?"

"La leo ni hili. Unataka kuishi na mimi chumba kimoja?"

"Matroni ameshaniuliza."

"Sasa nakuuliza mimi."

"Na nikisema hapana, mtoto akose chumba?"

"Hatakosa. Nimetoka kwa Matroni sasa hivi. Nimemwuliza kama wewe, mama na mtoto mnaweza kukichukua bila mimi. Amesema kanuni inaruhusu. Kwa hiyo ukisema hapana, mimi nabaki bwenini, nyinyi mnaingia leo hii. Usinikubali kwa ajili ya komeo."

Mama Pazia alimtazama mumewe kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala zake mbili zisizofanana. Mtu huyu hajawahi kumwacha apumue kabla ya kuamua, na leo amemfungulia mlango yeye akabaki nje. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana, akakasirika nao kidogo.

"Baba watoto."

"Naam."

"Kabla hujaenda kwa Matroni, uliniuliza kama uende?"

Fundi akatazama huku na huku, kama mtu aliyeacha ngazi kwa mteja.

"Sikukuuliza," alisema.

Ndipo Mama Pazia alipocheka. Alicheka mpaka akaishika kamba, kamba ikakatika, na nguo za bweni zima zikashuka chini. Fundi aliruka mstari wa chokaa bila kuuliza mtu, akashika ncha moja, mkewe akashika ya pili, wakasimama hivyo wakicheka, nguo za watu zikining'inia katikati yao, mpaka mlinzi akapiga filimbi.


Mchana korido ya ofisi ilijaa. Waliokuwa na vibarua walirudi mapema. Mzee Redio alikuja bila ufagio, jambo ambalo halijawahi kutokea. Matroni alijaribu kufunga mlango, ukakataa kwa sababu ya vichwa, akaamua kuuacha.

"Mama Pazia, leo ni Ijumaa. Ndiyo au hapana?"

"Uliza kwanza."

"Swali unalijua."

"Nalijua. Napenda linavyosikika."

Matroni alivaa miwani, akavuta pumzi, akauliza neno kwa neno, polepole, mbele ya mashahidi wote wale: je, unataka kuishi chumba kimoja na mwenzako? Mama Pazia alilisikiliza mpaka mwisho. Nyuma ya umati fundi alikuwa amefumba macho, na binti yake amemshika mkono.

"Ndiyo," alisema Mama Pazia. "Nataka."

Sitaweza kueleza kelele zilizotoka hapo. Kocha alipiga magoti sakafuni. Familia ya korido ilishangilia kuliko wote, ingawa chumba kimewapita, na Matroni, huku akipangusa miwani isiyokuwa na vumbi, aliwaambia kwamba kinachofuata ni chao. Mzee Redio alibaki amesimama na habari kubwa ya mwaka mdomoni, na hakuna mtu wa kumpelekea, kwa kuwa wote walikuwapo.

Wakahamia chumbani saa ileile. Kulikuwa na kitanda kipana na kingine cha ghorofa. Bibi alichukua cha chini kabla hajaulizwa na mtu, akasema yeye hana haja ya kufikiri, ana magoti. Binti alisimama mlangoni, akalisukuma komeo, akalifungua, akalisukuma tena, na watu wa korido wakamgongea hodi kila mara ili apate kulifungua.

Fundi aliingia wa mwisho, godoro kichwani, safari hii bila kamba. Alikwenda mpaka kwenye kitanda kipana, akainama kulibwaga alivyozoea. Akasita.

"Mama watoto," alisema. "Vichwa tuvielekeze dirishani au mlangoni?"

Mama Pazia alikuwa akipima dirisha kwa shubiri kwa ajili ya pazia. Aliacha. Alikwenda upande wa dirisha, akasimama, akausikiliza upepo. Akaenda upande wa mlango, akasimama huko pia. Akakaa kwenye chaga za kitanda, upande huu, kisha upande ule. Shingo ya fundi ilianza kuzama mabegani na jasho likamtiririka puani.

"Mwambie dirishani," Kocha alinong'ona kutoka koridoni.

"Sijakuuliza wewe," alisema fundi kutoka chini ya godoro.

"Ngoja kwanza," alisema Mama Pazia, akajilaza kujaribu.

"Nangoja," fundi akamjibu, akalisogeza godoro kidogo ili aweze kumwona.